Mtego wa fuko uangaliwe mara ngapi kwa siku?

Asubuhi moja shambani kwa shangazi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Nyeri, niliona mti wa mtego umesimama wima katikati ya karoti. Anayeujua mtego wa fuko anajua maana yake: umeshafyatuka. Ulikuwa umetegwa jana yake kabla ya adhuhuri. Tulipofukua tulimkuta fuko amebanwa kiunoni, yu hai bado, na udongo mbele yake ameukwangua kwa yale meno ya rangi ya chungwa mpaka umekuwa laini kama unga. Nikamuuliza mtegaji, "Mzee, uliuangalia lini mara ya mwisho?" Akanijibu bila kusita, "Sijauangalia, kijana wangu. Mtego ukisumbuliwasumbuliwa haunasi."

Nimelifikiria jibu lile muda mrefu, kwa sababu mzee yule si mvivu wala si mkatili. Alikuwa ananieleza kazi yake.

Mtego wenyewe umejengwa juu ya tabia ya fuko. Ukitoboa njia yake ya chini kwa chini, hatulii mpaka ameziba tundu. Kwa hiyo mtegaji anaweka kitanzi cha waya ndani ya njia, waya unapanda juu hadi kwenye mti mchanga uliopindwa kama upinde, na kijiti kinauzuia mti usiruke. Kijiti kimefungwa kwa uzi unaopita upande wa pili wa kitanzi. Fuko anakuja na shehena ya udongo, anausukuma uzi au anaukata, kijiti kinachomoka, mti unaruka na kitanzi kinambana kwenye dari ya njia. Macho yake hayamfai sana, lakini mtikisiko wa ardhi anausikia vizuri. Watu wakipitapita juu ya njia, wakifunua udongo kuchungulia, anaweza kuzibia mbali na kuchimba njia nyingine. Hapo mzee ana hoja.

Ana hoja nyingine asiyoitamka: fedha. Halipwi kwa siku, analipwa kwa fuko, na mkia ndio risiti. Akitega katika mashamba sita yaliyoachana kwa mabonde, kila safari ya kwenda kukagua ni muda wake na nauli yake, na pengine anakuta mitego mitupu. Anayemwambia apite mara mbili kwa siku kwa malipo yaleyale anamwomba afanye kazi ya bure.

Nilitafuta wengine wanasemaje, nikakuta mjadala huu umepamba moto Uingereza. Huko fuko ni mnyama mwingine kabisa, si jamaa ya panya kama wetu. Anakula minyoo ya ardhini, haharibu mizizi kwa kuitafuna, ila vilima vyake vinaingiza udongo kwenye nyasi za kuvundika, na udongo huo huweza kuwaletea kondoo ugonjwa wa listeria. Wakulima walikuwa wakimuua kwa sumu ya striknini hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2006, na tangu hapo mitego ya chuma imebeba sehemu kubwa ya kazi. Sheria yao ya mwaka 1911 ilimtaka mtu aliyetega sungura aukague mtego angalau mara moja kila siku, kati ya macheo na machweo. Ile ya 1981 ikaweka sharti la kila siku kwa vitanzi vya waya. Mtego wa chuma wa fuko haukupangiwa saa. Anayemtesa mnyama aliyenaswa anaweza kushtakiwa kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, lakini muda wa kukagua umeachiwa busara ya mtegaji.

Watetezi wa wanyama huko wana hoja nzito. Fuko wa Ulaya hufanya kazi na kupumzika kwa zamu za saa nne hivi, na hawezi kukaa bila chakula zaidi ya nusu siku hivi. Akinaswa mguu au akakwama ndani ya mtego wa kumkamata hai, kusubiri kesho ni kumuua kwa njaa. Wategaji wanajibu kwamba mtego wao unaua papo hapo, kwa hiyo kuwahi au kuchelewa hakumwongezei mnyama maumivu. Jibu hilo halikunishawishi. Watafiti waliopasua mafuko walionaswa huko na kuchapisha matokeo mwaka 2015 waliona wengi walikufa kwa kuvuja damu ndani, si kwa kuvunjika fuvu au shingo. Kifo cha namna hiyo si cha papo hapo.

Hoja ya njaa hatuwezi kuiazima ilivyo. Fuko wetu anakula mizizi, viazi na mashina ya chini, na sina sababu ya kumpigia hesabu ya mla minyoo. Lakini hoja ya chombo inatugusa sisi zaidi. Kitanzi chetu hakina shabaha. Fuko akifyatua uzi akiwa ameingia kichwa tu, kinamkamata shingoni na mambo yanaisha haraka. Akiwa ameingia hadi kifuani au kiunoni, anabaki pale anapumua. Yule wa kwa shangazi hatukujua amekaa hivyo saa ngapi, kwa kuwa hakuna aliyetazama tangu jana mchana.

Na hapa ndipo naona mzee amekosea, tena kwa jambo ambalo mtego wake mwenyewe unalijibu. Kuangalia si kufukua. Mti ule ukiwa umepinda, mtego haujafyatuka, ukisimama, umefyatuka. Unauona kutoka ukingoni mwa shamba, hatua ishirini, bila kukanyaga njia ya fuko. Waingereza wengine hulazimika kufunua udongo ili wajue. Sisi tuna bendera inayojipandisha yenyewe. Hofu ya kumshtua fuko haina mahali hapo, inabaki hoja ya nauli tu.

Nayo ina dawa, kwa sababu mwenye shamba yupo shambani. Mimi nasema iwe asubuhi na jioni, na atakayetazama awe mwenye karoti. Ana faida yake pia: mtego uliofyatuka bila kunasa ni waya tu ardhini, na fuko ataendelea kula huku watu wakiamini ametegwa. Mara moja kwa siku, kama ile ya sungura wa 1911, naiona ni ndefu mno kwa kitanzi kinachoweza kumshika mnyama kiunoni.

Kwa shangazi sasa wamekubaliana hivi. Mzee anatega asubuhi. Shangazi akienda kukata napia anatupia jicho mti, na jioni tena akirudisha ng'ombe. Ukisimama anampigia simu, na mzee akiwa mbali, kijana wa nyumbani ameshafundishwa kufukua na kummaliza fuko kwa pigo moja la mpini wa jembe. Mkia anawekewa mzee na malipo yake ni yaleyale. Siku ambayo wote wanakwenda mazishini au sokoni Karatina, mti unafunguliwa na kulazwa chini mpaka warudi.