Wingu: kabla ya kuingia, tazama mlango wa kutokea

Neno “wingu” limewapotosha wengi. Data tunazosema ziko winguni hazielei popote. Zimelala kwenye diski, ndani ya seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ndani ya jengo lenye mlango, mlinzi, umeme na mitambo ya kupoza joto, na jengo hilo ni la mtu mwingine. Kutumia wingu ni kukodi kompyuta za mwenzako kupitia intaneti na kulipia kadiri unavyotumia. Ubishi wote kuhusu faida na hatari zake unaanzia hapo.

Wazo ni la zamani. Mwaka 1961 John McCarthy, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, alitabiri kwamba huenda siku moja nguvu za kompyuta zikatolewa kama huduma ya umma, kama ilivyokuwa simu. Biashara ilishika kasi mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya data na, miezi michache baadaye, seva. Leo wapo wanaokodi seva tupu, wapo watengeneza programu wanaokodi jukwaa lililokwisha kuandaliwa, na wapo wengi wetu ambao, kwa kufungua tu barua pepe kwenye kivinjari, tumekodi programu nzima.

Wanaolitetea wingu wana hoja nzito. Agosti 2008 hifadhidata ya Netflix, kampuni ya filamu, iliharibika, na kwa siku tatu kampuni ikashindwa kuwapelekea wateja DVD zao. Ikaamua kuhamia kwenye seva za Amazon, kazi iliyokamilika Januari 2016. Watazamaji wa filamu hufurika jioni na kupungua alfajiri. Kununua seva za kutosha saa za msongamano ni kukubali zikae bure saa nyingine zote. Naiheshimu zaidi faida inayompata mdogo: vijana watatu wenye wazo zuri na wasio na mtaji wa mitambo wanaweza kuanza leo.

Lakini bei ina pande mbili. Dropbox, kampuni inayowahifadhia watu mafaili yao mtandaoni, ilikwenda kinyume: ilijenga miundombinu yake na kuhamisha sehemu kubwa ya data za wateja kutoka Amazon, na hatua hiyo ikapunguza gharama kwa karibu dola milioni 75 katika miaka miwili. Matumizi yakiwa makubwa na yasiyopandashuka, kununua kunaweza kuwa nafuu kuliko kukodi. Na kwa mpangaji asiye makini, seva ya majaribio iliyosahauliwa huendelea kudaiwa mwezi hadi mwezi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwenye usalama ndipo naona watu wakibishana wasipopaswa kubishana. Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha wingu, mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala rudufu kwingine wakapoteza kazi zao. Wasiolipenda wingu walipata ushahidi. Kisha Septemba 2025 kikaungua kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, takriban terabaiti 858, ikapotea kwa kuwa haikuwa na nakala nje ya kituo hicho. Hilo lilikuwa jengo lao wenyewe. Moto haukutofautisha mpangaji na mwenye nyumba.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. Mei 2024, kwa kosa la usanidi, yaani la kupanga mipangilio, upande wa Google Cloud, wingu la Google, huduma yake ya wingu ilifutwa. Mfuko ulikuwa umejipanga: mifumo yake ilirudufiwa katika maeneo mawili tofauti. Kote kukafutwa, maana akaunti ilikuwa moja. Kilichosaidia kuirejesha ni nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Kwa hiyo swali la “wingu au seva zetu?” kwangu ni la pili. La kwanza ni: nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini, kwa muda gani, kwa bei gani? Watoa huduma hukaribisha data kwa bei nafuu, ila wengi wametoza wakati wa kuzitoa, na programu iliyojengwa juu ya huduma za pekee za kampuni moja huwa vigumu kuihamisha. Umoja wa Ulaya umeliona hilo. Sheria yake ya data inapiga marufuku ada za kumhamisha mteja kuanzia 12 Januari 2027. Kuna pia suala la mamlaka: tangu 2018 sheria ya Marekani inaruhusu kampuni zilizo chini ya mamlaka yake kuamriwa kutoa data hata zikiwa zimehifadhiwa nchi nyingine.

Mimi ningeingia winguni, tena bila kusitasita, kwa kazi inayopanda na kushuka. Ila kabla ya kusaini ningechukua nakala ya data zote, nizirejeshe kwenye mashine isiyohusiana na mtoa huduma huyo, na nihesabu saa zilizotumika.