Nimesema Joko, Si Jiko

Kuna herufi moja inayonitesa maishani. Mimi nasema joko, watu wanasikia jiko. Nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni ufinyanzi, na kwamba nyuma ya nyumba nimejenga joko la kuchomea vyombo, basi kesho yake asubuhi yuko mlangoni, jiko limening'inia mkononi, udongo wake wa ndani umepasuka vipande vitatu, majivu yanamwagikia vikombe vyangu nilivyovianika.

"Fundi, nasikia unatengeneza majiko."

Sitengenezi majiko. Nafinyanga vikombe, bakuli, mitungi, vyungu vya maua, na nikiamka na moyo mweupe, birika. Lakini hapa Kisumu ukitaja udongo wa kuchoma, mawazo ya mtu yanakimbilia makaa. Tangu hili jiko la bati lenye kiuno chembamba lianze kuenea Kenya miaka ya 1980, kila nyumba ina udongo tumboni mwa jiko, na udongo huo una siku zake za kupasuka, na siku hizo zote zina nambari yangu ya simu. Tena niseme kwa sauti ya chini: kodi ya mwezi jana ililipwa na majiko. Sanaa ilichangia nauli.

Mimi nilisomea uhasibu. Ndiyo maana hasara yangu naijua hadi senti.

Udongo ulinipata barabarani. Matatu yetu ilipata pancha pale Ilesi, kabla hujaingia Kakamega, kondakta akasema dakika tano. Dakika za kondakta mnazijua. Kando ya barabara palikuwa na vyungu vimepangwa kama watoto wa shule, na nyuma yake bibi mmoja ameketi chini, miguu ameinyoosha, mbele yake udongo mbichi umekaa juu ya gae la chungu kilichokufa zamani. Mkono wa kushoto unaligeuza gae, wa kulia unapandisha ukuta wa chungu, pindo juu ya pindo. Hatazami. Anagombana na mtu wa mkaa ng'ambo ya barabara, mikono inafanya kazi yenyewe. Kisha akaokota gunzi la mahindi, akalibingirisha shingoni mwa chungu, na mapambo yakajichora yote kwa mzunguko mmoja. Nilishuka kwenye ile matatu mhasibu, nikapanda mgonjwa.

Nilirudi kwake mara nyingi. Mara ya kwanza alinicheka hadi akajifuta machozi kwa leso, kwa sababu kwao Waluhya, kama kwetu Wajaluo, kufinyanga vyungu tangu jadi ni kazi ya wanawake. "Na mkeo atafanya nini?" akauliza. Nikamwambia sina mke. Akasema sasa anaelewa. Huku mtaani kwetu Nyalenda nako vijana wa boda wamenibatiza Jachwech, maana kwa Kijaluo kufinyanga na kuumba ni neno moja, na Jachwech ni Muumba mwenyewe. Mchungaji wetu hakucheka. Alinijia nyumbani kunieleza kwamba jina hilo lina mwenyewe. Nikamwonyesha kikombe nilichofinyanga siku hiyo, mkono wake umeelekea chini kama sikio la mbwa aliyenyeshewa. Akakitazama, akasema basi, hakuna atakayetuchanganya.

Udongo wa mwanzo niliuchimba hapa hapa, ule mweusi wa Kano. Usijaribu. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na bakuli zangu za kwanza zilipasuka kama kisigino cha mtu aliyekanyaga jua miaka hamsini. Sasa nauleta kwa magunia kutoka upande wa Ilesi, na kondakta ananitoza kila gunia nauli ya mtu mzima. Nilipouliza kwa nini, akajibu kwamba watu wazima hawamchafulii kiti.

Haya, tuje kwenye joko lenyewe. Nimelijenga kwa matofali, linanifika kifuani, na linakula kuni kama matanga. Huwa nachoma usiku, kwa sababu mchana moshi wake unakwenda moja kwa moja kwenye nguo za jirani, na jirani huyo Mungu amempa sauti. Moto unaanza jioni, mdogo mdogo, wa kubembeleza. Udongo hata ukionekana mkavu, bado umeficha maji, na ukiuharakisha kupita nyuzi 100 yale maji yanageuka mvuke na kuanza kutafuta mlango. Kikombe hakina mlango. Mvuke unajitengenezea. Unasikia pu! humo ndani, na unajua familia imepungua.

Sasa niko hapo saa saba usiku, nimepiga magoti, jicho kwenye tundu, natazama rangi. Kipimajoto sina, nasoma moto kwa macho: wekundu wa nyanya, bado, ukifika rangi ya chungwa lililoiva, tunakaribia nyuzi 1000. Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi, tochi mkononi, vijana wawili wenye rungu pembeni.

"Kijana, unapika nini?"

"Napika vikombe, mzee."

"Vikombe. Na ndani ya vikombe kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Mtu hawezi kukesha akipika vikombe vitupu."

Akanusa bomba la moshi. Akaninusa mimi. Akazunguka joko mara tatu akitafuta pipa na mrija wa chang'aa. Nikamwambia mzee, subiri vikiiva nikufungulie ujionee. Akauliza vitaiva saa ngapi. Nikasema alfajiri, ila kufungua ni hadi kesho kutwa, lazima vipoe polepole. Akawageukia vijana wake, akawaambia mmesikia, ushahidi wake unapatikana kesho kutwa. Wakaketi. Walikaa hadi adhana ya asubuhi, wakaota moto wangu, wakachoma mahindi kwenye mdomo wa joko, na hiyo kesho kutwa mzee akarudi na daftari, akachukua vikombe viwili kama vizibiti. Kesi haijasikilizwa mpaka leo. Lakini mkewe ameniambia kwamba kizibiti kinatunza joto la chai vizuri sana, na kama kesi itachelewa, angependa vizibiti vingine vinne.

Mnaniuliza kwa nini lazima vipoe polepole. Nilikuwa na swali hilo hilo, likanigharimu. Ndani ya udongo kuna chembe za ule mchanga unaometameta. Ukipanda joto kufika nyuzi 573, chembe hizo zinatanuka ghafla. Ukishuka hapo hapo, zinanywea ghafla. Hiyo 573 naikumbuka kuliko nambari ya kitambulisho changu. Nilikuwa nimechoma bakuli thelathini za harusi, na mama mwenyekiti wa kamati akaja siku moja kabla, akasimama mbele ya joko akiwa amevaa viatu vya kanisani, anatazama saa. Nikamwambia bado. Akasema fungua kidogo tu tuone. Mimi naye, badala ya kumpa kiti, nikatoa tofali moja la mlangoni. Moja! Upepo wa ziwa ukaingia kama ulioalikwa. Ting. Nikanyamaza. Ting, ting. Sauti tamu, kama mtu anayegonga glasi ili atoe hotuba. Mama akatabasamu, akauliza, "Ndiyo inaonyesha zimeiva?"

Kila ting ilikuwa shilingi mia sita. Nilihesabu kumi na moja. Huo uhasibu una mahali pake.

Yale magae sikuyatupa. Bibi wa Ilesi alinifundisha kuyatwanga na kuuchanganyia udongo mpya, ustahimili moto. Kwa hiyo vyombo vyangu vya mwaka huu vyote vina harusi ya watu ndani.

Na ukishavuka moto, unakutana na mteja. Jumapili moja napanga vyombo sokoni Kibuye, katikati ya mtumba na mabeseni. Anakuja mama, anashika kikombe, anakigeuza, anakitia kidole ndani, anakiweka sikioni, sijui anasikiliza nini.

"Ngapi?"

"Mia nne hamsini."

"Na chai ndani?"

Nikaanza kumweleza: udongo umetoka mbali, umefinyangwa, umekauka wiki nzima, umechomwa mara mbili. Akanikatiza kwa huruma. "Pole sana, baba. Sasa mbona usinunue tu cha plastiki pale, shilingi hamsini, upumzike?" Alikuwa ananishauri kwa moyo safi kabisa. Mwingine alitaka sita vilivyofanana. Nikampangia sita. Akavipima kimoja kimoja kwa vidole, akaniambia hiki kimenenepa. Nikamwambia mama, hii ni kazi ya mkono. Akasema, "Basi mkono wako uwe na msimamo."

Lakini wa mtungi ndiye aliyenimaliza. Alinunua mtungi wa maji, mzuri, tumbo la duara, sikuupaka ile dawa ya kung'aa kwa sababu mtungi wa maji haupakwi. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, simu.

"Fundi, mtungi wako unatokwa na jasho."

"Ndivyo unavyotakiwa, mama. Una vitundu vidogo sana, maji yanapenya kidogo, yakikauka huko nje yanaondoka na joto, ya ndani yanapoa. Na hivi Kisumu jua lilivyo..."

"Kwa hiyo unavuja."

"Hauvuji mama, unapumua."

Kimya. Halafu: "Mimi nilinunua mtungi. Sikununua mtu."

Baada ya wiki akapiga tena, sauti ya ushindi. Ameutibu. Ameupaka rangi ya mafuta ile ya mlango, mikono miwili, hautoki jasho tena. Ila sasa, fundi, mbona maji yake yana joto kama ya kuogea mtoto?

Nilizima simu nikaenda kukanda udongo. Kukanda kuna faida yake, unaupiga na hausemi kitu.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na nadhani walipita kwangu wakachungulia dirishani. Kikombe kizuri kikitoka jokoni nakiuza. Cha wastani nakiuza kwa bei ya wastani. Kilichopinda marafiki wanakichukua "tukutangazie", na sijawahi kusikia tangazo hata moja. Mimi nakunywa chai kwa kikombe cha plastiki cha kijani, chenye mdomo ulioungua kidogo, cha shilingi hamsini. Yule mama wa Kibuye asijue.

Basi Ijumaa iliyopita mama akanitembelea kutoka nyumbani. Hajawahi kuja tangu niache kutafuta kazi ya ofisini. Nilifagia, nikapanga rafu, nikaweka birika langu bora mahali linapopigwa na mwanga wa dirisha. Ameshuka kwenye boda amepakata mzigo mapajani, umefungwa kwa leso, fundo mbili. Moyo wangu ukasema kuku. Hapana, umekaa kimya mno kwa kuku. Labda sufuria ya omena. Nikampokea, mzito. Nikamkaribisha, nikamtilia chai, na kwa kuwa siwezi kumpa mamangu mzazi plastiki, nikampa kikombe nilichokuwa nimekitenga nikitwange, chenye ufa mwembamba kando. Akakitazama. Akauziba ule ufa kwa kidole gumba, akanywa chai yote hivyo hivyo bila kusema neno.

Halafu akafungua leso. Ndani mlikuwa na jiko.

"Wuoda," akasema, "nimesikia unatengeneza majiko."

"Joko, mama. Nina joko."

"Ndiyo hilo. Langu limepasuka tangu Pasaka."

Ningefanya nini? Nikachukua udongo wa jiko uliokwisha kuchomwa, wa mteja mwingine, atanisamehe, nikautia ndani ya lile bati, nikaujengea kwa saruji na majivu, nikaliacha likae hadi kesho yake. Alilala kitandani kwangu, mimi nikalala karakana kati ya magunia. Asubuhi akalishika jiko lake, akaligeuza huku na huku, akaligonga kwa kucha kama mtu anayechagua tikiti maji. Likalia vizuri, ile sauti ambayo bibi wa Ilesi akiisikia hukubali. Nikasimama pale nasubiri, mtu mzima, mikono nyuma.

"Limeiva," akasema mama. Akafunga leso, fundo mbili, akapanda boda, akajipanga, akalipakata jiko mapajani. Boda ikawashwa. Akaniinamia ili mwendesha boda asisikie.

"Na kazi je," akaninong'oneza, "umepata?"