Faili la meinfremu msilitafsiri njiani, jamani

Kila nikisikia mtu anasema "we nitumie tu hilo faili, mi nitalifungua kwenye Excel" tumbo linanikoroga, maana najua maneno hayo yameshanila wikiendi ngapi. Kazi yangu ni kukaa katikati. Upande mmoja kuna meinfremu ya IBM, yaani kompyuta kubwa ya makampuni, inayoendesha programu za lugha ya zamani ya COBOL zilizoandikwa kabla sijazaliwa, upande wa pili kuna watu na laptop zao wanataka data leo hii kabla ya saa kumi jioni, na kila mtu anadhani shida iko kwenye njia, yaani mtandao, paswedi, fayawoli, sijui nini. Njia siyo shida. Njia ilishatatuliwa zamani na watu waliokuwa na vifaa vibovu kuliko simu uliyoshika hapo.

Cheki mfano wa Kermit, mfumo wa kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. 1981, chuo kikuu cha Columbia kule New York, wanafunzi wanatumia kompyuta kubwa ya pamoja, DEC-20, na kila mmoja amekatiwa nafasi kiduchu ya diski, ikijaa imejaa. Wazo likaja kwamba mafaili yashushwe kwenye kompyuta ndogo, yawekwe kwenye flopi, mwanafunzi aondoke na mzigo wake mfukoni. Sasa laini za enzi hizo zilikuwa za watu kuchapa, siyo za kupitisha mafaili, ukituma alama fulani mashine ya mbele inadhani umeiamrisha kitu, na biti ya nane mara nyingi inaliwa njiani. Frank da Cruz na Bill Catchings wakaamua kila kitu kisafiri kama maandishi ya kawaida. Ile Ctrl-A inavaa alama ya reli mbele inakuwa #A, mzigo unakatwa vifurushi ambavyo kimoja hakifiki herufi 100, kila kifurushi kina namba na hesabu ya kukikagua, kikifika kimeharibika kinaombwa tena. Polepole kama bajaji kwenye mchanga, lakini inafika. Jina lenyewe walilitoa kwa yule chura wa Muppets, alikuwa kwenye kalenda ukutani.

Ninachowapendea wale jamaa siyo vifurushi. Ni kwamba Kermit inakuuliza: hili ni faili la maandishi au bainari, yaani baiti ghafi zisizoguswa? FTP nayo, ile njia ya kutuma mafaili mtandaoni ambayo Abhay Bhushan wa MIT aliianza 1971, ina swali hilo hilo. Na IND$FILE, ile amri ya kuvuta faili kupitia skrini ya 3270 ya meinfremu, unaandika mwenyewe kama unataka ASCII CRLF, yaani ligeuzwe kuwa maandishi ya huku yenye mistari, au hutaki. Miaka yote hii swali liko pale pale, na sisi tunabonyeza OK bila kusoma.

Kwa nini swali lipo? Kwa sababu meinfremu ya IBM haisemi ASCII, ile orodha ya namba za herufi inayotumika kwenye laptop, inasema orodha yake nyingine, EBCDIC. A kubwa kwenye laptop yako ni 41 kwa heksa (hesabu ya kumi na sita, 0 mpaka 9 halafu A mpaka F), kule ni C1. Na herufi zenyewe hazijapangwa mfululizo, A mpaka I ziko C1 mpaka C9, halafu unaruka hadi D1 kuipata J, urithi wa kadi za matundu huo. Hata mpangilio unageuka, kule herufi ndogo zinatangulia, zinafuata kubwa, namba mwisho, huku kwetu ni kinyume chake kabisa, kwa hiyo faili lililopangwa vizuri kule ukilishusha huku halijapangwa tena. Mtu akasema basi rahisi, liwekwe jedwali, C1 iwe 41, tumemaliza. Na kwa jina la mteja na anwani yake ni kweli tumemaliza.

Ila siyo kila baiti ni herufi bwana.

Nilikuwa kampuni moja ya bima, Ohio, sitaitaja. Faili la marejesho ya wateja, linatoka meinfremu linaenda kwenye kompyuta ya kitengo cha malipo. Mi ndo nilivuta. Kwenye dirisha la kuhamisha kulikuwa na vitufe viwili, maandishi na bainari, chaguo lililokuwa limewekwa tayari ni maandishi nikaliacha hapo hapo. Faili likaja, nikafungua, majina yanasomeka safi, anwani safi, katikati kuna takataka kidogo, nikajisemea hizo ni zile namba za COMP-3, namba ambazo COBOL huzibana ili zichukue nafasi ndogo, kiprogramu chetu kitazifungua. Kikafungua. Mistari kadhaa ikakataa, imekatika katikati kama mtu amepiga enta. Tukairekebisha kwa mkono, watu wazima wawili, mpaka usiku, tukajiona mashujaa.

Jumatatu mama mmoja wa malipo akaja na karatasi mbili, akaniuliza kwa upole tu, huyu mteja anadai 123.45 kwa nini hapa imeandikwa 129.42?

Angalia kilichotokea, kwa sababu mi hadi leo nikikumbuka nasisimka. 123.45 kwenye COMP-3 inakaa baiti tatu: 12 34 5C. Kila baiti imebeba tarakimu mbili, nukta haiandikwi popote, na ile C ya mwisho inasema namba ni chanya. Sasa anapita mtafsiri akidhani anasoma maandishi. 12 anaiacha ilivyo. 34 kwenye jedwali lake inakuwa 94. 5C kwenye EBCDIC ni kinyota, kinyota kwenye ASCII ni 2A, anaandika 2A. Umepata 12 94 2A, na kumbe A nayo inakubalika kama alama ya chanya! Hakuna kosa lolote linaloonekana, kiprogramu kinafungua kinasoma 129.42, asante sana, next. Vivyo hivyo popote kwenye hizo namba jozi ya 40 ilipokaa imekuwa 20, kwa sababu 40 kule ni nafasi tupu na nafasi tupu huku ni 20. Na mistari iliyokatika? Ilikuwa na 25 ndani ya kiasi, na 25 kwenye jedwali lile inatoka kama mstari mpya. Yaani tulikesha tunarekebisha mistari iliyokuwa na uungwana wa kulalamika, ile iliyokuwa inadanganya ikapita mlangoni inatusalimia.

Na huwezi kurudi nyuma kwa kulitengeneza faili lile lile ulilonalo, maana baiti zilizokuwa mstari mpya halisi na zile zilizokuwa 25 ya hela sasa zinafanana, utajuaje ipi ni ipi. Tulivuta upya kila kitu, bainari safari hii.

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu na nimeshaugombania sana kwenye vikao: faili la meinfremu lisafiri kama lilivyo, bainari, baiti kwa baiti, na kopibuku yake, ile ramani ya COBOL inayosema kila sehemu ya rekodi ni nini, iongozane nalo, halafu anayetafsiri awe huku mwisho, uga kwa uga, yaani sehemu kwa sehemu, akijua hapa ni jina hapa ni hela. Faili lenyewe haliwezi kukuambia. Halina kichwa cha safu, halina koma, ni rekodi tu, mara nyingi za urefu uleule, zimepangwa kama matofali, na maana yake yote iko kwenye ile kopibuku ya COBOL ambayo mtu anaona uvivu kuiambatanisha.

Wazee wa meinfremu wana jibu lao, na siyo baya. Wanasema kwa nini nisiandike kazi fupi huku huku inayozifungua namba zote ziwe maandishi, ndo uvute kama maandishi, salama. Sawa, na wakikubali kukuandikia chukua mbio kabla hawajabadili mawazo. Shida ni kwamba hawakubali, foleni yao ni miezi, na hata wakikubali angalia vizuri alama ya kutoa, maana COBOL isipoambiwa itenganishe alama inaipakiza kwenye tarakimu ya mwisho. Hasi 12345 inatoka 1234N. Nimeona kwa macho yangu mtu amesafisha safu nzima kwenye Excel, kafuta hizo "herufi za makosa" zote, madeni yakageuka akiba na tarakimu moja imeliwa juu.

Wanaoniudhi zaidi ni hawa wa vifaa vya kisasa, unalipia leseni, kuna kitufe kimeandikwa kugeuza otomatiki, na muuzaji anaapa kwamba kifaa kinatambua chenyewe. Kinatambua nini? 5C ni kinyota au ni tano chanya, ukiitazama peke yake hata mimi siwezi kusema, na nimekaa nazo miaka. Kifaa kinabahatisha, tofauti yetu ni kwamba mi nikibahatisha naona aibu.

Sasa nisije nikajifanya kopibuku ni msahafu. Mwezi uliopita timu moja ya klaudi walitaka faili, nikakaza shingo, kopibuku kwanza. Wakaihangaikia siku nne wakaileta, safi kabisa, na maelezo yake. Nikavuta bainari, nikageuza uga kwa uga, hesabu ikakataa. Ikakataa tena. Kuna uga mle umeandikwa FILLER, baiti tatu, maana yake hapa hakuna kitu ruka. Nikaifungua kwa heksa nikaona 00 15 0C. Rekodi inayofuata 00 27 5C. Inayofuata 01 04 0D, ile D ni alama ya hasi.

Mtu zamani aliishiwa nafasi, akaficha hela kwenye FILLER, akastaafu. Nimewaandikia waniambie ni hela ya nini, bado wanatafuta nani anajua.