Leseni ya kufanya kazi peke yako

"Ana cheti, mwanangu, nimekiona kwa macho yangu." Ndivyo shangazi alivyonijibu nilipomuuliza ni nani aliyemchanja mtamba wake dhidi ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na wakati huo mtamba mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa ndigana kali hiyo hiyo. Mchanjaji alikuwa amekadiria uzito kwa jicho, akapunguza dawa kwa sababu chupa ilikaribia kuisha na ng'ombe waliosubiri walikuwa bado wengi, akapokea fedha zake, akawasha pikipiki. Shangazi hamlaumu, anawalaumu kupe. Hasira nimebaki nazo mimi.

Wafugaji wenzangu wanajua kwamba chanjo hii haivumilii kubahatisha. Mchanganyiko uliotengenezwa Muguga, Kenya, ni vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, vinavyohifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika na ambavyo vikishatolewa humo na kuchanganywa lazima vitumike ndani ya saa chache. Mnyama huambukizwa kwa makusudi, chini ya ngozi karibu na sikio, kisha papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini, kiuavijasumu cha kudumu muda mrefu, ili ugonjwa ushikiliwe wakati mwili ukijenga kinga. Kwa dawa ya asilimia 30, kipimo ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ndama wa kilo 120 anastahili mililita 12. Ukimpa 6 kwa kuwa umemwona mdogo, umempelekea ugonjwa nyumbani na kumwacha apambane nao. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Kinachowashinda watu ni kutoa utepe, kuzungusha kifuani, kusoma kilo, kuandika, na kuwa na ujasiri wa kusema "dawa haitoshi, tuishie hapa leo" mbele ya wenye ng'ombe walionuna na waliokwisha kulipa.

Sheria haina upungufu mkubwa wa maneno. Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Baraza la Veterinari Tanzania linamsajili daktari, ambaye pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) husoma miaka mitano, na linawaorodhesha wataalamu wasaidizi, hawa tunaowaita mabwana mifugo, waliopata astashahada au stashahada Tengeru, Mpwapwa na vyuo vingine, nao wanatakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Vizuri sana. Sasa nionyesheni huyo daktari. Yupo makao makuu ya wilaya, anahudumia kata zisizohesabika kwa vidole vya mikono miwili, gari lake linasubiri mafuta, na mezani ana taarifa ya robo mwaka ambayo mkurugenzi ameiulizia tangu jana. Usimamizi anaoutoa ni simu, na hiyo simu nayo mpaka mtu apande kilimani kutafuta mtandao.

Muuguzi wa wanyama aliyesajiliwa nchini Uingereza anaruhusiwa, kwa Jedwali la Tatu la Sheria ya mwaka 1966 ya madaktari wa mifugo, kutoa matibabu na kufanya upasuaji mdogo usioingia kifuani wala tumboni, kwa maelekezo ya daktari ambaye mara nyingi yupo chumba cha pili. (Huko nako wana matatizo yao, lakini hayo wayaandike wenyewe.) Bwana mifugo wetu hana chumba cha pili. Ana zizi, kamba, kijana wa kumshika ng'ombe pembe, na uamuzi wa kufanya sasa hivi. Kuendelea kumfundisha na kumpa leseni kana kwamba daktari amesimama nyuma yake ni kujidanganya, na gharama ya kujidanganya huko analipa mfugaji.

Ninachodai ni kwamba, maadamu anafanya kazi peke yake, apimwe kama mtu atakayekuwa peke yake. Kabla ya leseni, asimamishwe zizini mbele ya mtahini ambaye hakumfundisha, apewe mnyama mgonjwa kweli, apime uzito, achague dawa, aeleze maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi, na kwa angalau mnyama mmoja jibu sahihi liwe "huyu simgusi, aitwe daktari." Atakayemchoma mnyama huyo sindano ili asionekane hajui, arudi chuoni. Leseni inapohuishwa, jaribio lirudiwe. Ada na cheti cha semina iliyoishia kwenye chakula cha mchana visitoshe. Anayetafuta pa kuanzia, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa umahiri wa kada hii mwaka 2019. Na wauzaji wa maduka ya dawa wanaofuata wateja hadi zizini na sindano mfukoni, hao ni kazi ya polisi.

Najua nitakumbushwa sotoka, tauni ya ng'ombe. Ni kweli, nami nakiri kwa shingo upande, kwamba wahudumu wa jamii wasio na stashahada yoyote walisaidia kuifuta sotoka, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, wakifika Afar, Ethiopia, na Sudan Kusini mahali ambapo daktari hakufika. Lakini katika vita hiyo ya sotoka walikuwa na chanjo moja inayostahimili joto, na walifuatiliwa. Mchanjaji wa shangazi anatibu kila kitu, kuanzia kuku hadi punda.

Nitaambiwa pia kwamba ukali utaziacha kata bila mtu. Kwa hiyo waliopo wapewe muda na mafunzo ya vitendo yanayolipiwa na halmashauri, ambazo mkono wa kukusanya ushuru mnadani haujawahi kuziuma.

Nako vijijini, orodha ya Baraza ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji: jina, picha, kazi anazoruhusiwa mtu huyo, na jina la daktari anayemsimamia. Daktari atakayekataa jina lake liandikwe pale, kwa sababu hajawahi kumwona mtu huyo akichoma sindano, atakuwa amejaza taarifa ya robo mwaka iliyo ya kweli kuliko zote alizowahi kuandika.