Shahada ya uhandisi wa meli bila nafasi melini

Kijana aliyefaulu vizuri fizikia na hisabati, na anayetamani kazi ya chumba cha injini, siku hizi hakosi mahali pa kusomea. Dar es Salaam kipo Chuo cha Bahari, DMI, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1978 na ambacho kilipewa sheria yake mwaka 1991. Kenya nako Chuo Kikuu cha JKUAT kinafundisha shahada ya uhandisi wa meli kule Juja, ambako maji ya chumvi hayaonekani hata kwa darubini. Mabaharia wa zamani huuliza kama kweli kazi hii inahitaji chuo kikuu, na wahadhiri huwajibu kwamba zama za kujifunza kwa kubeba spana zimekwisha. Naona kila upande una hoja nzito, lakini zote mbili hupita pembeni ya jambo linaloamua hatima ya mwanafunzi, yaani nani atampandisha melini na lini.

Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaoweka viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, uliorekebishwa kwa upana mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010, haumdai mhandisi wa zamu shahada. Kwa meli yenye mitambo mikuu ya kilowati 750 au zaidi, unamtaka awe amepata mafunzo yaliyoidhinishwa pamoja na miezi isiyopungua 12 ya karakana na ya baharini, ambayo angalau 6 awe ameshika zamu chini ya usimamizi wa mhandisi mwenye cheti, kila kazi ikiandikwa katika daftari lake la mafunzo. Asiyepitia mpango wa namna hiyo hudaiwa miezi 36, na kati ya hiyo 30 iwe ya baharini katika idara ya injini. Cheti cha umahiri chenyewe hakitolewi na chuo. Hutolewa na mamlaka ya serikali, kama vile TASAC kwa Tanzania Bara.

Wanaotetea njia ya vitendo wana mifano isiyopingika kirahisi. Kengele ya ukungu wa mafuta inapolia, huenda ndani ya sanduku la krenkishafti, yaani sehemu ya chini ya injini inayofunika mhimili mkuu unaozunguka, kuna beringi iliyopata moto. Mwenye pupa atasimamisha injini na kufungua mlango ili ajionee. Hewa ikiingia na kukutana na ukungu ule pamoja na chuma cha moto, sanduku linaweza kulipuka. Inatakiwa kupunguza mwendo, kuwaarifu walioko darajani, yaani chumba cha kuongozea meli, kukaa mbali na vali za kutolea mgandamizo, kisha injini ikishasimama kusubiri nusu saa hivi ipoe kabla ya kugusa mlango wowote. Mwanafunzi yeyote ataliandika jibu hilo kwenye mtihani, lakini kulitii saa tisa usiku, huku nahodha akipiga simu kila dakika kuuliza meli itaondoka lini, ni jambo jingine kabisa, na hata mitambo ya kuigiza chumba cha injini hufikisha sehemu tu ya tabia hiyo.

Hata hivyo, injini zenyewe zimebadilika. Injini nyingi kubwa za leo hazina tena kemshafti ya kuendesha pampu za mafuta na vali. Kompyuta ndiyo inayopanga mafuta yaingie lini na kwa kiasi gani. Tangu tarehe 1 Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli imeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa kwa meli zenye mitambo ya kusafisha moshi, na mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Bahari lilikubaliana kwamba utoaji wa gesi zinazoongeza joto duniani ufike sifuri halisi karibu na mwaka 2050. Methanoli na amonia zinaingia melini, na amonia ni sumu. Fundi aliyezoea kusikiliza mlio tu atachelewa kuelewa kinachotokea. Kwangu hoja nzito zaidi ni ya maisha ya baadaye: mtu wa miaka arobaini aliyechoka na bahari, akiomba kazi ya ukaguzi wa meli au ya kituo cha umeme, hukuta tangazo linalotaka shahada.

Lakini shahada hiyo itampeleka wapi asipopata ile miezi 6? Ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO na ICS, vyama vya kimataifa vya wenye meli, ilisema dunia ina upungufu wa maofisa 26,240, na vyuo hupenda kuwatajia wazazi habari za namna hiyo. Upungufu huo ni wa watu wenye vyeti tayari. Kadeti, yaani mwanafunzi anayejifunza kazi melini, ni gharama: anataka kitanda, chakula, tiketi ya ndege na saa za mhandisi wa kumfundisha, na kampuni hulipia hayo kwa mtu inayekusudia kumwajiri. Meli za nyumbani nazo hazitoshi. Hata MV Mwanza ya Ziwa Victoria, ya abiria 1,200, haizibi pengo, kwa sababu STCW inahusu meli za baharini na meli za maji ya ndani pekee hazimo.

Kwa hiyo ningependa vyuo vidahili kwa idadi ya nafasi za kadeti zilizokwisha kusainiwa na kampuni, hata kama darasa litakuwa la watu kumi na wawili. Wengine wasome uhandisi mitambo wa kawaida, kisha atakayepata nafasi baadaye aongeze mwaka mmoja wa mafunzo ya meli, kama India inavyofanya kwa wahitimu wa fani hiyo. Kasoro ya pendekezo hili naiona: kampuni zikiachiwa kuchagua majina, mpwa wa bosi atatangulia na msichana atabaki nje, katika kazi ambayo ripoti ileile ilikuta wanawake ni asilimia 1.28 tu ya mabaharia. Ndiyo maana mkataba wa chuo na kampuni utaje idadi ya vitanda, na majina yachaguliwe na chuo kwa alama na usaili ulio wazi.