Hakiumi? Basi twende hospitali

"Hakiumi, wala usijisumbue." Ndivyo mama mdogo alivyonijibu nilipoona damu kwenye yeboyebo zake. Anaanika dagaa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na kisukari anacho miaka mingi sasa. Nikamvua. Kokoto kama punje ya hindi ilikuwa imezama chini ya kidole gumba. Alikuwa nayo tangu asubuhi: kapanda nayo mpaka Mwanga, kapika, kala.

Mimi na wewe tungeruka hatua ya kwanza tu. Yeye mishipa ya fahamu ya miguuni imekufa ganzi kwa sukari iliyokaa juu miaka, kwa hiyo kidonda anakikanyagia bila habari, na kidonda kinachokanyagwa hakifungi. Tena mishipa ya damu inayoshuka huko chini imekuwa myembamba. Oksijeni na virutubisho vya kujenga nyama mpya vinafika kidogo, na dawa anayomeza inapita humo humo. Chembe nyeupe za damu nazo, sukari ikizidi, zinachelewa kufika na zikifika hazina nguvu ya kuua vijidudu.

Mtaani utaambiwa kakanyaga alichotegewa. Watu wana chuki, sikatai, ila mchawi gani huyu anayependa miguu ya wenye sukari tu? Basi inaanza: mawese ya moto, kisha unga wa kapsuli ya rangi mbili, kisha kuloweka kwenye maji ya moto na chumvi. Mguu usiosikia hauwezi kukwambia maji yanaunguza.

Kinachoniudhi zaidi ni ule usemi wa "hospitali watakukata mguu". Wengi wanaokatwa ni waliofika kidonda kimeshanuka na mfupa umeshaingiliwa. Aliyewahi husafishwa, nyama iliyokufa ikatolewa, sukari ikashushwa, na akaambiwa asiukanyagie mguu. Hapo pa mwisho ndipo pagumu kwa mtu wa mwaloni. Wingu likitanda, dagaa atawaanua nani?

Cha mama mdogo kilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga. Siku hizi mjukuu wake wa darasa la tatu anamkagua nyayo kila jioni kwa tochi ya simu, mpaka katikati ya vidole, na viatu anavikung'uta kabla havijavaliwa. Juzi kachomoa mwiba wa samaki.

"Bibi, huu hukuusikia?"

"Ningeusikia, wewe ungepata wapi kazi?"