Njoo Daktari, Leo Shwari Tu

Ujumbe huingia saa kumi na moja jioni, daktari anayesomea ubingwa ndio kwanza avue viatu: "Daktari wangu, njoo utushikie zamu ya usiku. Leo shwari, wagonjwa hamna." Kama wagonjwa hamna, daktari mwamwitia nini, kuhesabu mbu?

Na atakwenda tu. Anayejisomesha hulipa karo, wodini hafanyi kazi kwa mshahara, na mwenye nyumba hapokei vyeti. Lokamu, hizo zamu za kushikia wengine, ndiyo unga.

Haya, tuseme wampa shilingi 500 kwa saa, saa 12. Elfu sita, ashajiona tajiri wa Nyali, Mombasa! Toa kodi ya zuio, ile akatayo mlipaji kabla hajakupa, 5%, ni 300. Tuktuk kwenda na kurudi, 600. Chakula, 250. Zasalia 4,850. Sasa zihesabu na saa: mbili za njiani, na moja unusu ya kumngoja daktari wa kukupokea zamu asubuhi, ambaye siku zote yuko Likoni na feri siku zote ndiyo yang'oa. Gawanya kwa 15 na nusu: 313. Muuza madafu pale nje huwa kalala kwake.

Ile 300 nayo ifuatilie. Wakiikata wasiipeleke KRA, wakusanya kodi wa Kenya, cheti chake hakitatokea kwenye iTax, mtandao wao, na kufika 30 Juni walipa wewe tena. Kwa hivyo daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi ya muuguzi. "Mhasibu kasafiri" ni maradhi yasiyotibika hata na bingwa.

Bima ya makosa ya kazi isome yote. Nyingine hukulinda hapo unaposomea tu. Ukivuka daraja kwenda lokamu, uko peke yako.

Ukifika, kabla ya chai, toroli ya dharura. Fungua mtungi wa oksijeni, tazama mshale. Mashine ya kufyonza, ziba mpira kwa kidole uone shinikizo linapanda. Adrenalini, soma tarehe. Laringoskopu, chombo cha kutazamia koo, ikunjue, taa iwake; isipowaka, betri zimo kwenye rimoti ya televisheni ya mapokezi, watu watazama mpira. Kisha uliza mpasuaji wa usiku ni nani, umpigie saa mbili hiyo hiyo usikie kama simu yaita. Mama mjamzito haji saa mbili. Aja saa tisa, na mtaa mzima nyuma yake.

Mtu akikesha saa 17, umakini wake hushuka kama mwenye kilevi cha 0.05% damuni, saa 24, kama 0.10%. Yaani kalewa chakari na mnazi hajaonja! Ndiyo maana dozi ya mtoto, alfajiri, haipigwi kwa kichwa. Mpime kilo, andika hesabu, muuguzi aisome kwa sauti kabla dawa haijavutwa sindanoni. Akikuuliza, "Daktari, miligramu ama mililita?" usikasirike. Vuta kiti, muanze upya.